Paa la Gari Linapovuja Mafuta

Gari la paa la kukunjwa huonekana kwa nadra hapa Mbeya, ambako mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, lakini langu ninalipenda hata lilipoanza kudondosha mafuta ya haidroliki, yaani yale yanayosukumwa na pampu ili kuliendesha paa, karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Katika Mercedes-Benz CLK ya zamani, silinda ya kufuli la paa imewekwa juu ya kioo cha mbele, hivyo sili zake, yaani pete laini zinazozuia mafuta yasivuje, zinapochakaa mafuta humwangukia dereva kichwani.

Silinda yenyewe mara nyingi huwa nzima. Zinazokufa ni sili, ambazo hukakamaa kwa umri. Fundi wa Mwanjelwa, hapa hapa Mbeya, aliifungua, akabadilisha sili na kukagua fimbo inayoingia na kutoka ndani ya silinda, kwa kuwa fimbo yenye mikwaruzo huzikata sili mpya upesi. Kuongeza mafuta tu ni kujidanganya, na kutia mafuta ya breki ni kubaya zaidi, maana huharibu sili zilizotengenezwa kwa mafuta ya madini. Tanki la pampu, lililo kwenye buti, likishajazwa, paa hufunguliwa na kufungwa mara kadhaa ili hewa itoke, kisha kiwango cha mafuta hupimwa upya.