Fomu ya Bagamoyo

Mwaka wa pili chuoni nilikuwa nasoma uhasibu asubuhi, na jioni za Jumanne na Alhamisi nacheza sindimba, ngoma ya Wamakonde. Kikundi chetu kilikuwa na watu 14. Mazoezi tulifanyia nyuma ya kantini. Kabla ya kuanza, kijana mmoja alikusanya maboksi makavu, akawasha moto na kuzungusha ngoma juu yake mpaka ngozi ikaze. Akaigonga kwa kidole, akatega sikio, akairudisha motoni. Ilipolia kavu ndipo nasi tulipojifunga kanga.

Siku moja alikuja kutunoa mwalimu aliyesomea Bagamoyo, kwenye kile chuo cha sanaa kilichoanzishwa 1981 ambacho sasa tunakiita TaSUBa. Akanyamazisha ngoma zote, akaniambia nicheze kimya kimya. Nikacheza.

"Mguu wako wa kulia unakanyaga kwenye mpigo upi?"

Sikujua. Mwaka mzima nilikuwa nabebwa na ngoma kama mtu anavyobebwa na umati wa Kariakoo. Tulirudia hatua nne karibu saa nzima, magoti yakawaka moto. Kwanza nilimchukia. Kisha, mguu ulipoangukia mahali pake na mwili ukajua, machozi yalinilengalenga. Alipokuwa anaondoka aliniita pembeni: "Dada, mwili wako una kazi hii. Nenda ukaisome." Akanipa fomu ya kujiunga na chuo chao cha Bagamoyo.

Jumamosi nilipanda daladala mpaka Mbagala, kwa mama. Mama ni Mmakonde wa Newala, mmoja wa watu wengi wa Kusini walioingia mjini kwa barabara ya Kilwa na kuishia huko huko. Nilimkuta amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda?"

Nikamweleza yote. Kwamba kule ngoma inasomwa pamoja na muziki, maigizo na sarakasi. Kwamba mtu anajifunza mdundiko wa Wazaramo, bugobogobo ya Wasukuma, msewe wa Pemba, na mitihani juu. Nilikuwa nimejiandaa kujibu habari ya ada, na habari ya ajira.

"Hiyo bugobogobo, unaitaka?"

"Siijui, mama."

"Sijakuuliza kama unaijua."

Nikanyamaza. Akasukuma sinia la nazi pembeni. "Hebu nionyeshe mnavyocheza huko chuoni."

Nikacheza pale uani, yeye akipiga makofi. Hakuniacha nimalize. Alinyanyuka, akafungua kanga niliyojifunga kiunoni, akaishusha na kuikaza upya chini kabisa, kwenye mifupa ya nyonga. "Mnafunga juu mno. Sindimba inatokea hapa." Halafu akacheza mwenyewe, vidole bado vimeganda nazi, magoti yamekunjwa, mabega yametulia kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani, na kiuno peke yake kinazunguka. Sikuwahi kumwona mama yangu akicheza. Alikuwa na miaka 51.

Nilirudi na swali lake. Wanaosomea ngoma wanajibebesha ngoma za nchi nzima, hata za watu wasio wao, ili zisizikwe pamoja na wazee. Kazi hiyo naiheshimu sana, na naamini hatujawahi kuilipa inavyostahili. Lakini mimi nilikuwa naitaka moja. Nilitaka kuicheza na wale wenzangu 13, jioni, tukiwa tumetoka darasani na uchovu wetu. Fomu sikuijaza. Iliniuma, maana yule mwalimu ndiye mtu wa kwanza kuutazama mwili wangu na kuona kazi ndani yake, na sikupata nafasi ya kumwambia asante ipasavyo.

Jumanne nilichelewa mazoezini. Moto ulikuwa umeshashika, ngoma inazungushwa juu yake. Nikasimama mahali pangu kwenye mstari, nikafungua kanga, nikaishusha. Msichana wa kulia kwangu alinitazama kidogo, kisha naye akaanza kufungua ya kwake.