Nyota za mapigo ya moyo: ogopa namba kamili zinazokuja kirahisi

Ndugu mlio ughaibuni mnaoanza shahada ya fizikia ya nyota, huenda mkakabidhiwa nyota pacha zinazozungukana kwa duaradufu iliyorefuka sana. Kila zikikaribiana huvutana hadi zikavimba, kama mwezi unavyojaza bahari, na grafu ya mwanga huruka ghafla kama mpigo kwenye grafu ya moyo, ndiyo maana zikaitwa nyota za mapigo ya moyo. Mvuto huohuo huziacha zikitetemeka mzunguko mzima, kwa marudio (idadi ya mitetemo kwa siku) ambayo ni marudio ya mzunguko yaliyozidishwa kwa namba kamili; kila zao kama hilo huitwa harmoniki. Mfano maarufu ni KOI-54, iliyochapishwa 2011: mzunguko wa siku 41.8, na mitetemo mikubwa kwenye harmoniki ya 90 na ya 91.

Data za Kepler na TESS, darubini za angani za NASA, ni za bure. Ila piga hesabu kwanza. Harmoniki mbili jirani za KOI-54 zinatofautiana kwa marudio 0.024 kwa siku, na sekta moja ya TESS, yaani kutazama eneo moja la anga kwa siku 27, haitenganishi chini ya 0.037 hivi. Kwenye grafu ya marudio utaona kilele kimoja mahali pa viwili. Miaka minne ya Kepler huvitenganisha vizuri.

Unaponyoosha grafu ya mwanga, yaani kuondoa mabadiliko ya polepole yasiyo ya nyota, ufiche kwanza ule mruko. Kichujio chenye dirisha fupi huula. Kisha utengenezee modeli, uiondoe, ndipo utafute marudio kwa Fourier, hesabu inayochambua grafu kuwa mitetemo, ukitoa kilele kimoja kimoja hadi kinachobaki kiwe chini ya mara nne ya kelele.

Hapa ndipo wengi huangukia. Mruko usioondolewa vizuri hujirudia kila mzunguko, kwa hiyo mabaki yake nayo hutua kwenye namba kamili. Kosa linavaa sura ya jibu! Kata kabisa data za karibu na mkaribiano, urudie uchambuzi: mtetemo wa kweli hubaki, mabaki hupotea. Mapengo hayo huzaa vilele vya pembeni, basi linganisha na taswira ya dirisha la data, yaani vilele ambavyo mapengo peke yake yangezaa.

Kipindi cha mzunguko nacho kipimwe kwa uangalifu. Kosa la siku 0.01 kwenye 41.8 huisogeza namba ya harmoniki ya 90 kwa 0.02.

Kilele kisicho namba kamili usikitupe. Jumlisha viwili viwili: katika KOI-54, 22.42 na 68.58 hutoa 91, dalili kwamba mtetemo mkubwa unawagawia wadogo nishati.

Spektra, yaani mwanga uliotawanywa kwa rangi ili kupima kasi ya nyota, ziombwe kwa tarehe za mkaribiano zilizokokotolewa mapema, maana kasi hiyo hubadilika sana ndani ya siku chache tu. Mawingu yakiziba usiku ule, ni kungoja siku 42 nyingine.