Kabla hujanunua swichi smati, fungua kwanza moja ukutani
Jamani nyumba yangu ina swichi 14, nikataka zote ziwe smati, zile unazowasha taa kwa simu, na nilishapiga hesabu zote, moja elfu 45, jumla laki 6 na 30, nikasema kesho naenda Kariakoo. Bahati nzuri fundi umeme akaniambia dada tulia, tufungue moja kwanza tuone. Tukazima meni swichi, akafungua skrubu mbili, ndani waya mbili tu zote nyekundu, nyeusi hakuna. Yaani nyutro, ile waya nyeusi ya kurudisha umeme, imeishia kule juu kwenye taa, na swichi smati nyingi zinaitaka ili zenyewe zipate umeme hata taa ikiwa imezimwa. Kuchimbua ukuta, kupiga plasta na rangi upya, hapana kwa kweli.

Zipo za bila nyutro, ila hizo zinapitisha umeme kidogo kwenye taa, sasa ukiwa na taa za LED za wati ndogo zinaweza kuwaka hafifu au kumetameta usiku kucha, inabidi ufunge kikapasita, kile kidude kidogo cha kunyonya huo umeme wa ziada, pale kwenye taa. Pima na kina cha boksi la swichi ukutani, langu lilikuwa fupi mno. Na swichi hizi mara nyingi zinatumia waifai ya mawimbi ya 2.4 GHz, angalia kama ya nyumbani kwako inafika mpaka getini.

Nimeamua nianze na tatu tu, geti, varanda na chumba cha mama maana anaamka usiku anapapasa ukuta kutafuta swichi, roho inaniuma. Ya kwake inafungwa Jumamosi.