Mjomba hajarudi

Leo nimepita Liwale, nikasimama pale njia ya msituni inapoanzia. Hapo ndipo Mjomba alipopita mwezi wa Septemba na jembe lake na kapu, akienda kuchimba ming'oko, ile mizizi ya porini tunayokula. Miaka 70 na ushee, lakini msitu ule ndio uliomlea.

Tulimtafuta siku tisa. Jamani, kiangazi cha kwetu usikione hivi hivi. Nyasi zimeungua, miyombo imepukutika, mito imebaki mchanga mtupu, ardhi imekauka haishiki hata unyayo. Na ukizidi kwenda mbele unaingia pori la akiba la Selous, kwenye tembo na simba.

Siku ya pili tulikuta shimo. Kando yake ming'oko mitatu imepangwa juu ya majani, mkubwa mpaka mdogo, vile vile alivyokuwa akiipanga nyumbani. Jembe limeegemezwa mtini. Kapu halipo. Hapakuwa na damu, wala alama ya kitu kuburuzwa. Zaidi ya hapo hatukupata kitu, mpaka leo.

Watu wanasema mengi. Wapo wanaosema aliondoka kwa hiari yake, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Sisi Wamwera mjomba ndiye nguzo ya ukoo. Huyu ndiye aliyesimamia ndoa yangu. Asingeacha jembe lake.

Matanga hatujaweka. Mama, dada yake, hataki kusikia. Jana usiku nimemkuta amefunika sahani ya ugali mezani, na maji ya kunawa pembeni.