Siku ya kumwaga sufuria

Saa 12 asubuhi niko karakana, mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Leo tunamwaga: tunayeyusha alumini na kuitia kwenye kalibu itoke sufuria. Naanza na skrepa: pistoni, vichwa vya injini, masufuria yaliyotoboka. Kila kipande nakianika ukingoni mwa tanuri mpaka kikauke kabisa. Tone la maji likizama kwenye alumini iliyoyeyuka hulipuka. Kovu la mkono wangu wa kushoto ni la tone moja.

Saa 2 mkaa umeshika, feni inavuma. Dogo ninayemfundisha anauliza, "Fundi, alumini si inatoka kwenye udongo? Kwa nini tununue skrepa, tusichimbe?" Na chai hatujanywa!

Saa 4 inayeyuka. Nyuzi 660 tu zinatosha. Namjibu huku naengua uchafu wa juu: ule udongo ukisafishwa unabaki unga mweupe, na unga huo hauyeyuki mpaka moto upite nyuzi 2,000. Tanuri letu lingetangulia kwisha. Kijana wa Marekani, Charles Martin Hall, hakushindana na moto huo. Aliyeyusha madini mengine, kriolaiti, akautia unga humo ukapotea kama chumvi kwenye mchuzi, kisha akapitisha umeme wa betri alizojitengenezea. Ilikuwa Februari 1886, mjini Oberlin, bandani kwao, na dada yake Julia, aliyesoma kemia, akimsaidia. Hall alikuwa na miaka 22.

"Rika langu," dogo anasema. Ana 19. Nikamwacha.

Kinachonigusa mimi ni chungu chake cha kuyeyushia. Kwanza alitumia cha udongo, kikawa kinaliwa na kuchafua kila kitu. Alipokitandika kaboni kwa ndani ndipo vikatoka vidonge vya alumini. Atakayemcheka hajawahi kupoteza siku nzima kwa ajili ya chungu kibovu. Mwaka uleule Paul Héroult, Mfaransa, aligundua njia hiyohiyo kivyake.

Saa 6 tunamwaga. Hapo hakuna stori, ni macho na mikono. Sufuria nane, moja ina tundu, inarudi motoni.

Saa 9, msasa. Mama lishe wetu kafika. "Mwanangu, mbona bei imepanda?"

Namwambia ashukuru, mama. Mwaka 1884 alumini ilikuwa ya thamani hata Wamarekani wakaiweka kileleni mwa mnara wa Washington, kipande kisichofika kilo 3. Kijana mmoja ndiye aliyetushushia bei.

"Basi na wewe nishushie."

Nimemshushia.