Pedi mbili na kanyagio la cherehani

Mtu akinikuta nakanyaga cherehani kibarazani kwangu, hapa Chang'ombe, Dodoma, huuliza kama ni kweli umeme wa kile kifaa kidogo cha kuamsha msuli umenirudishia mguu uliopooza. Namwambia umeme ulinisaidia kunyanyua wayo, kushona nilikuwa nakujua. Anacheka, kisha anataka nimweleze vizuri, na maelezo yenyewe ni marefu.

Niliumia mgongo gari lilipopinduka kati ya Mbande na Kongwa. Iliyovunjika ni pingili ya nane ya kifuani. Mguu wa kulia ulianza kuamka nikiwa bado wodini. Wa kushoto ukabaki mzito, wayo ukining'inia, kidole gumba kikiburuta sakafuni kila nilipojaribu hatua na fremu ya kutembelea. Daktari alisema jeraha langu si kamili, yaani uti wa mgongo haukukatika wote, kuna nyuzi zilizobaki zinazopitisha amri kutoka kichwani. Wakati ule nilitaka habari ya kutembea tu, wala sikuuliza zaidi.

Kifaa cha kwanza cha umeme kiliingia nyumbani kupitia shemeji yangu. Aliuziwa mjini na mtu aliyemwapia kwamba kinaponya kupooza. Kijana wa fizio, yule anayenifanyisha mazoezi ya viungo, alipokiona alikigeuzageuza akasema, "Mama, hiki ni cha kupunguza maumivu. Kitakuwasha ngozi, mguu hakiuinui." Tofauti aliyonieleza ni nguvu na urefu wa pigo: cha kuamsha msuli kinahitaji mapigo marefu na yenye nguvu zaidi, ya kutosha kuushtua mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye msuli mpaka msuli ujikunje. Shemeji hakurudishiwa hela yake, na mpaka leo hapendi tukikitaja.

Kabla ya kununua kingine, nilipimwa kwa mashine ya kliniki. Hapo ndipo mtu aelekeze macho, kwa sababu si kila aliyepooza anafaa. Niliyelazwa naye jirani, kaka mmoja wa Kondoa aliyeanguka kutoka juu ya mwembe, alipimwa siku hiyohiyo. Kwangu wayo ulichupa. Kwake waliongeza, wakaongeza, msuli haukutikisika hata kidogo. Yeye aliumia chini kabisa, kiunoni, pale uti unapoishia na mishipa inapotawanyika kwenda miguuni. Mishipa hiyo ikifa, vifaa vidogo vya aina yetu havina cha kushtua, kwani vinapita kwenye mshipa wa fahamu kuufikia msuli. Aliyeumia juu zaidi, kama mimi, hata asipoweza kujinyanyua, mishipa yake ya miguuni mara nyingi bado ni hai, imekosa amri tu. Kipimo hicho kinachukua dakika chache, na kingemwokolea shemeji fedha yake.

Mbinu yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1961 daktari Wladimir Liberson na wenzake huko Marekani walieleza kifaa cha kunyanyua wayo kwa watu waliopooza upande mmoja, chenye swichi chini ya kisigino: kisigino kikiachana na ardhi, umeme unapita, wayo unapanda. Changu hakina swichi ya kisigino. Nina kitufe mkononi, nakibonyeza mwenyewe.

Kuna pedi mbili, vipande vya kubandika kwenye ngozi vinavyopitisha umeme. Ya kwanza inakaa nje ya mguu, chini kidogo ya goti, pale unapopapasa kifupa kilichochomoza. Mshipa unaonyanyua wayo unazunguka hapo karibu na ngozi. Ya pili inakaa juu ya nyama iliyo pembeni ya muundi. Kazi kubwa ni pale. Pedi ikisogea upana wa kidole kwenda nyuma, wayo badala ya kupanda unageuka nje, na ukikanyaga hivyo unajitegua kifundo. Fizio alipopata mahali sahihi alichora duara mbili kwa kalamu ya wino, na binti yangu anazikolezea kila zikififia. Tumeweka mapigo 35 kwa sekunde, kila pigo mikrosekunde 300, nguvu inapandishwa polepole mpaka wayo unyanyuke vizuri, basi. Kuzidisha hapo hakuleti faida.

Nilipoanza nilikuwa nakaa kitini natazama mguu ukicheza, nafurahi. Kijana akanikatiza: "Mama, usikae kama abiria. Umeme ukija, na wewe nyanyua." Nikamwambia mwanangu, ningeweza kunyanyua ningekuwa hapa? Akasema nijaribu tu, hata kama hakuna kinachoonekana. Maana yake ni kwamba ile amri hafifu inayoshuka kutoka kichwani ikikutana mara kwa mara na msuli unaojikunja wakati uleule, njia zilizobaki kwenye uti zina nafasi ya kuimarika. Umeme peke yake unatunza nyama isisinyae, na si haba, ila zoezi ni la mtu mwenyewe.

Cherehani niliiingiza mimi. Hiyo ya kukanyaga inataka kisigino na vidole vipokezane. Kushuka kwa vidole sikuwa na shida nako, tena kulikuwa kwingi, maana shavu la mguu limekakamaa na linavuta wayo chini lenyewe. Kilichokosekana ni kupanda. Tukavua mkanda ili gurudumu la juu lisizunguke, nikaweka miguu yote miwili kwenye kanyagio, nikawa nabonyeza kitufe kila vidole vinapotakiwa kurudi juu. Tuliona na jambo jingine: baada ya mapigo kadhaa shavu lilikuwa linalegea. Fizio hakushangaa, alisema msuli wa mbele ukiamshwa, mara nyingi wa nyuma hupunguza ubishi.

Msuli unaoendeshwa na umeme unachoka haraka. Mwili ukijiendesha wenyewe huanza na nyuzi ndogo zinazostahimili, na hupokezanisha kazi. Umeme unaamsha nyingi kwa pamoja, hasa zile kubwa zinazochoka upesi. Kwa hiyo natazama urefu wa kupanda. Wayo ukianza kuishia nusu, nazima, hata kama saa haijafika.

Siku moja mwanangu wa kiume aliniletea video kwenye simu, watu wamepandikizwa kifaa mgongoni wanatembea. Familia ikaanza kuzungumzia michango. Ni kweli kazi hiyo ipo: mwaka 2011 kundi la mtafiti Susan Harkema huko Louisville, Marekani, lilionyesha kijana aliyepooza akisimama, na mwaka 2018 watafiti Grégoire Courtine na Jocelyne Bloch huko Lausanne, Uswisi, wakachapisha habari za wanaume watatu waliotembea huku sehemu ya uzito wao ikibebwa. Lakini kile hakiamshi msuli mguuni kama changu. Kinashtua mishipa inayoingia kwenye uti, chini ya jeraha, ili uti uwe macho na usikie amri ndogo iliyobaki. Na wale nao walifanya mazoezi miezi mingi. Kipo pia cha kubandika juu ya ngozi ya shingo, kilichoidhinishwa Marekani Desemba 2024, ila ni kwa ajili ya mikono. Michango ikaenda kwenye ada ya shule, na sijuti.

Pedi ndizo zinazokula hela. Vumbi la Dodoma na ukavu wake vinamaliza gundi mapema; nafuta ngozi kwa kitambaa chenye maji, nangoja ikauke, nabandika. Kifaa kinatumia betri ya mraba, hivyo umeme wa TANESCO ukikatika sisumbuki. Kwa kuwa ngozi ya mguu huo haisikii sawasawa, binti anakagua mahali pa pedi baada ya kila zoezi: wekundu unaoondoka upesi hauna neno, unaobaki tunapumzisha. Mwenye kifaa cha moyo, mjamzito, mwenye kidonda mahali pa pedi, asijifanyie mwenyewe. Na aliyeumia kuanzia pingili ya sita ya kifuani kwenda juu, kichwa kikimgonga ghafla na jasho kumtoka usoni, azime, akae wima, aangalie kama kibofu kimejaa, apimwe presha. Kwake hiyo ni dharura.

Ndani natembea na fimbo. Sokoni naenda na kiti mwendo, maana Majengo ile si mahali pa kujaribu hatua. Mkanda wa cherehani tumeshaurudisha, napiga mshono ulionyooka bila kubonyeza kitufe mpaka mguu uchoke. Kona na kola anamalizia binti. Sasa fizio ameanza kuweka pedi nyingine juu ya paja, kwa ajili ya goti, na goti bado linatukatalia.