Jairo haikuwa na kosa, ilikuwa na njaa

Kusi ikishika kwetu Tanga, mwenye ndege ndogo ya rimoti anabaki na saa moja hivi ya kuruka, alfajiri, kabla upepo haujaamka. Yangu ni ya povu, mabawa mita 1.2 kutoka ncha hadi ncha. Ikifika saa tatu asubuhi naipigania kama mtu aliyebeba bati kwenye upepo. Ndiyo maana niliagiza jairo: kisanduku kidogo kuliko kiberiti, kinachohisi ndege ikiyumbishwa na kuziamuru sevo, yaani vimota vinavyosogeza vibao vya mabawa na mkia, ziirudishe kabla jicho langu halijaona kitu.

Kuifunga hakukunisumbua. Inakaa katikati: nyaya za risiva, kile kipokezi cha amri za rimoti, zinaingia upande mmoja, za sevo zinatokea upande wa pili. Niliibandika karibu na kitovu cha uzito, sambamba na mwili wa ndege, juu ya sponji inayonata pande zote mbili. Bila sponji, mtetemo wa mota nao husomeka kama mwendo wa ndege.

Kilichokula jioni nzima ni mwelekeo. Rimoti ilikuwa inaongoza sawasawa, nikadhani nimemaliza. Kumbe rimoti kuongoza sawa ni jambo moja, jairo kusahihisha sawa ni jingine. Nilipoishika ndege na kuliinamisha bawa la kulia ghafla, eleroni ya kulia, kibao cha nyuma ya bawa, ilipanda badala ya kushuka. Yaani upepo ungelisukuma bawa chini, na jairo ingesaidia kulizamisha! Nikageuza swichi yake, kisha nikapima upande mmoja mmoja: pua ikiinama, eleveta, kibao cha mkia cha kupandisha na kushusha pua, ipande, mkia ukisukumwa kushoto, usukani nao uelekee kushoto.

Dakika tatu za kwanza angani zilikuwa raha tupu. Upepo unapiga, ndege imetulia. Ya nne, sevo zikafa zote kwa mpigo. Ndege ikalala ubavu, ikapiga mbizi kwenye shamba la mkonge. Anayeujua mwiba wa mkonge anajua povu lilivyotoboka.

Nililaani jairo njia nzima. Nilipofika kwa mzee mmoja anayetengeneza redio, nikaitoa na kumwekea mezani.

“Shikamoo, fundi. Hii imeniangushia ndege.”

“Marahaba, mwanangu. Inakula umeme wa wapi?”

Swali hilo sikuwahi kujiuliza. Umeme wa risiva, jairo na sevo zote nne ulitoka kwenye kidhibiti cha mota, ambacho ndani yake mna saketi ndogo, BEC, ya kushusha volti za betri ziwe 5. Yangu ilikuwa ya aina inayochoma volti za ziada ziwe joto. Betri ya seli tatu ikijaa ina volti 12.6, kwa hiyo 7.6 lazima zipotee. Sevo zikivuta ampea 1.5, hizo ni wati zaidi ya 11 za joto kwenye kitu cha ukubwa wa kidole gumba, tena kilichofungiwa ndani ya povu. Kabla ya jairo haikuwa taabu, maana sevo zilipumzika kila nilipotulia. Jairo haipumziki. Upepo ukigusa tu, sevo zinafanya kazi, na mimi nilikuwa nimeshazibadilisha kuwa za kidijitali zenye gia za chuma, walafi kweli kweli.

Nyumbani nilitoa propela, nikachomeka mita kwenye tundu la risiva lililobaki wazi, nikaanza kuitikisa ndege huku nikizungusha vijiti vya rimoti. Volti 5.0 mwanzoni. Baada ya dakika chache 4.6, kisha 4.2, na kidhibiti hakishikiki kwa moto. Mita ya kawaida husoma polepole, kwa hiyo volti zenyewe bila shaka zilizama chini zaidi kwa vipindi vifupi. Risiva ikizimika hata kwa nukta moja, jairo inaanza upya, na jairo yangu ikiwaka hutaka ndege itulie kabisa ijipime kwanza. Angani itatuliaje?

Nilinunua BEC ya pembeni, ya kukatakata umeme badala ya kuuchoma, volti 5 na ampea 5. Hiyo haichemki ovyo. Nyaya zake za kuingilia nilizichomelea kwenye soketi ya betri, plagi ya kutokea ikaingia kwenye risiva. Halafu kwa ncha ya sindano nikauchomoa waya mwekundu wa kidhibiti kwenye plagi yake na kuufunga utepe, ili vyanzo viwili visigombanie risiva moja. Mweusi na wa mawimbi niliviacha. Nikarudia mtihani wa kutikisa kwa dakika kumi, na mita haikushuka chini ya 4.9.

Ukali wa jairo, yaani nguvu inayosahihishia, nilianzia asilimia 30. Nilipofika 50, mabawa yalitetemeka ndege ikienda kasi, nikarudi 40. Upimie kwenye mwendo mkali: ukali unaofaa ndege ikienda polepole huwa umezidi mota ikiwaka yote.

Sasa naruka hata saa nne. Wiki iliyopita nilitua nimekata mota mapema mno, pua juu, nikiitegemea jairo inibebe. Ilinyoosha mabawa vizuri hadi kasi ilipoisha, kisha ndege ikaanguka kama embe. Ikavunja propela moja, na miguu ya kutua.